Semina ya maafa wametuonesha kimbunga cha Ufilipino, sisi wa Kyela kinatuhusu nini?

Mpunga_wa_Kyela ameanzisha uzi:

Wakuu mwaghonile. Jana nimetoka semina ya siku mbili ya kamati za maafa za vijiji, mimi kwenye kamati ni mjumbe wa kawaida tu walinichagua kwa sababu nina pikipiki. Sasa mwezeshaji siku ya kwanza yote katuonesha kwenye projekta kimbunga kilichopiga Ufilipino Novemba 2013, yeye anakiita taifuni, meli imekaa juu ya nyumba, mji wa Tacloban umelala wote, watu zaidi ya 6,300 wamekufa. Picha zinatisha jamani, kuna mama alikaa nyuma yangu akawa anasema "Kyala, Kyala", yaani Mungu wangu, mpaka projekta ikazimwa. Halafu tukaambiwa kila kamati ikaandike "mambo tuliyojifunza" tuyaingize kwenye mpango wa kijiji.

Hapo ndo nimekwama. Sisi bahari hatuna, ziwa tunalo ila sijawahi kuona Nyasa inapandisha meli juu ya bati la mtu. Shida yetu ni mto. Masika ikikolea Kiwira inatoka njia yake, mpunga unaondoka, vyoo vinafurika, madarasa yanajaa tope na watoto wanakaa nyumbani. Nimekaa na daftari tangu asubuhi nimeandika mstari mmoja, "tuhame mapema", na hilo hata bibi yangu alikuwa analijua na semina hakwenda. Mwenye kuelewa haya mambo anisaidie, nini hasa cha kuchukua kwa wale wenzetu ambacho mtu wa kijijini kwetu akisomewa hatasinzia? Kikao Jumamosi. Nawasilisha.

---

Mwanjelwa_Stendi:

Cha kujifunza ni posho mkuu, ulisaini ngapi? 😂😂

Nisamehe natania ila sio sana. Mipango ya maafa naijua mimi, inaandikwa, inagongwa muhuri, inaingia kabati la mtendaji, baada ya mwaka panya wa mle ofisini ndo wanakuwa wamejiandaa kuliko kijiji kizima. Mto ukija kila mtu anakimbia na godoro lake kama kawaida. Andika hiyo "tuhame mapema" yako, weka nukta, kalale.

---

Nesi_Tukuyu:

Mwanjelwa acha kumkatisha tamaa mwenzio.

Kaka mimi hicho kimbunga nilikifuatilia sana kipindi kile maana nilikuwa chuo na tulipewa kama kazi ya kuandika, jina lake la kimataifa Haiyan, wao wenyewe wanakiita Yolanda. Kitu kilichoniuma sio kwamba hawakupewa taarifa. Walipewa! Wataalamu wao walitangaza siku kadhaa kabla, na usiku wa kuamkia siku yenyewe rais wao alitokea kwenye tv akawaambia watu wa pwani jamani ondokeni. Sasa inakuwaje watu elfu sita wanakufa?

Sababu mojawapo ni NENO. Kile kilichoua watu wengi Tacloban sio upepo, ni bahari. Upepo uliisukuma ikapanda nchi kavu mita tano na zaidi, na matangazo yalilisema hilo, ila kwa neno la kitaalamu la Kiingereza ambalo mvuvi na muuza samaki hajawahi kulisikia maishani mwake. Kichwani kwao kimbunga ni upepo, na vimbunga wameshavizoea kila mwaka wanavipata, kwahiyo wakapigilia madirisha misumari wakajifungia ndani wakisubiri upite, maji yakawakuta humohumo. Wengi waliopona walikuja kusema baadaye kwamba wangeambiwa tu "inakuja kama tsunami" wangekimbilia mlimani kwa miguu.

Sasa rudi Kyela. TMA, wale wa hali ya hewa, wanatoa angalizo rangi ya njano, tahadhari rangi ya chungwa, tahadhari kubwa nyekundu, wanakuandikia vipindi vya mvua kubwa maeneo machache ya mkoa wa Mbeya, uwezekano wa kutokea wastani, kiwango cha athari kati. Mimi siwalaumu, hiyo ndo kazi yao na wanaifanya vizuri siku hizi, hata athari wanataja. Lakini mwambie mama anayepanda mpunga bondeni "kiwango cha athari kati", atafanya nini na hiyo kati? Aanze kubeba gunia au asibebe? Hapo katikati panatakiwa mtu wa kutafsiri na huyo mtu ndo kamati yenu. "Maji ya leo yatafika kwenye ule mwembe wa kanisani kama yale ya mwaka ule." Akisikia mwembe wa kanisani anajua nyumba yake iko chini ya mwembe au juu. Kwahiyo kabla ya mvua mzunguke na wazee wawaoneshe maji yalifika wapi kila mara yalipokuja vibaya, mpake rangi kwenye miti na kuta za shule. Gharama yake kopo la rangi.

Alafu kitu cha pili, maji yenu yanatoka kwetu huku Rungwe. Tukiwa huku juu tunanyeshewa ndoo kwa ndoo nyie huko chini jua linawaka mnaanika kokoa. Mnapata masaa kadhaa ya bure kabisa, mnayatumia?

---

Kamwene_Pawaga:

Kamwene wote. Dada Nesi umesema vizuri ila mimi nabisha kidogo. Neno likitafsiriwa vizuri mno mtu akakuelewa, anakuuliza sawa nahama, nahamia wapi na nitakula nini? Kimya. Sisi huku Pawaga Ruaha Mdogo ikitoka tunaambiwa tusogee sehemu za juu, huko juu hakuna hata turubai, watu wanakaa chini ya mti na watoto. Tatizo ni HELA, na hela ya maafa nchi hii inaonekana maafa yakishatokea, ndo unaona magari na vyandarua na kupiga picha.

Wafilipino hapo wametuzidi. Wana sheria ya mwaka 2010 inayolazimisha kila halmashauri yao itenge asilimia 5 au zaidi ya mapato yake kwa ajili ya maafa, katika hiyo asilimia 30 inawekwa pembeni kwa dharura na inayobaki ni ya kujiandaa KABLA, kuchimba mitaro, kununua megafoni, mafunzo, vitu kama hivyo. Zamani kwao pia hela ilikuwa haiguswi mpaka balaa litangazwe. Hilo ndo la kuandika kwenye mpango, sio rangi kwenye mwembe.

---

Nesi_Tukuyu:

@Kamwene_Pawaga kaka hesabu miaka. Sheria 2010, Yolanda 2013. Hela ilikuwepo kisheria na bado kilichotokea kilitokea. Na sisi sheria tunayo, ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, hizi kamati anazosema mwenzetu zimetoka humo, na kabla yake kulikuwa na ya 2015. Sheria sikatai ila haiwezi kubeba mtoto mgongoni ikavuka naye mto.

Ngoja nikupe kingine cha kule kinachogusa hilo la kula. Siku ya nne baada ya kimbunga, mji mmoja unaitwa Alangalang karibu na Tacloban, watu wenye njaa walivamia ghala la mchele la serikali, ukuta ukaanguka ukaua wanane. Mchele ulikuwepo jamani! Uko ndani, watu wako nje. Polisi na watumishi wa mji ambao ndo walitakiwa kugawa nao nyumba zao zimeondoka, wengine wanatafuta watoto wao, uwanja wa ndege umeharibika, barabara zimezibwa na vifusi, simu hakuna. Mpango wao wote ulikuwa umeandikwa kana kwamba wagawaji wako salama mahali fulani wanasubiri kuitwa. Kaka Mpunga na wewe jiulize, hiyo pikipiki yako waliyokuchagulia, siku mto umetoka iko wapi? Si iko sebuleni kwako majini? Na mtendaji anakaa wapi, bondeni au juu?

---

Mpunga_wa_Kyela:

Dada umenipiga pabaya 😅 pikipiki mwaka juzi niliipandisha juu ya meza na ilizama hivyohivyo. Mtendaji amepanga hatua mia kutoka mtoni. Mwenyekiti nyumba yake iko juu ila funguo za ghala la kijiji anazo mtendaji. Duh. Naandika.

---

Tope_Isyesye:

Nimeuona uzi nikasema nisipite. Mimi naishi Mbeya mjini, hapa tulipo na Itezi ni pua na mdomo. Nyie mnaosema vimbunga ni vya watu wa bahari mmesahau Aprili 2024 tope la mlima Kawetere lilivyoshuka Itezi likafukia nyumba na shule? Sio kimbunga najua, ni mvua za msimu. Lakini sikilizeni kwanini nasema zile picha mngeoneshwa nyingine.

Kimbunga kikishatoka baharini kinakufa upepo, watu wanashangilia kimeisha, kumbe kinabaki na maji. Yale maji yanakwenda kumwagwa milimani. Kimbunga Freddy cha Machi 2023 kiliua Malawi watu zaidi ya elfu moja ukihesabu na waliopotea, hapo ng'ambo ya Songwe tu ndugu zangu, na waliokufa wengi ni Blantyre, mji wa milima kama huu wetu, bahari hawaioni. Ni tope na mawe yalishuka usiku kwenye vitongoji vya kando ya mlima, nyumba za kupanga, watu maskini waliojenga pale kwa sababu kiwanja bei rahisi. Inafanana na wapi hapa Mbeya sisemi.

Nyingine Vietnam, Septemba 2024, kimbunga Yagi. Kimeingia pwani tarehe 7, tarehe 10 asubuhi mbali kabisa ndani ya nchi, mkoa wa Lào Cai wa milimani, kitongoji kinaitwa Làng Nủ mlima umekishukia, makumi ya watu wamekufa. Siku TATU baada ya kimbunga. Kwenye taarifa ya habari kilishageuka mvua tu.

Lakini mkoa uleule siku zilezile kuna kitongoji kingine kinaitwa Kho Vàng, watu 115. Mwenyekiti wao kijana tu, mvua haikatiki, akaenda na wenzake kukagua mlima nyuma ya nyumba zao akakuta ufa mrefu kwenye ardhi. Simu hazishiki, umeme hakuna, wa kumuomba ruhusa hakuna. Hakusubiri. Akapita nyumba kwa nyumba akawatoa wote, wakabeba mchele na vyombo, wakapanda juu sehemu nyingine wakakata mianzi wakajenga vibanda vya maturubai. Mlima ukashuka kweli. Huku wilayani wamehesabiwa kama waliopotea, waokoaji wanawatafuta chini ya tope, kumbe wako juu wanapika wali. Wote 115 wazima.

Mimi nikisoma hiyo habari najiuliza kwetu mwenyekiti wa kitongoji akifanya vile halafu mlima usishuke itakuwaje? Atachekwa mpaka uchaguzi ujao. Atapigiwa simu na wakubwa aulizwe nani alikupa mamlaka ya kuleta taharuki. Hapo ndo penye ugonjwa wetu, sio asilimia 5 wala rangi. Kwenye mpango wako kaka andika wazi kwamba mwenyekiti wa kitongoji ana ruhusa ya kuhamisha watu bila kusubiri simu kutoka juu, kamati nzima isaini, na mtendaji asaini, ili akikosea asitupwe peke yake.

---

Mwanjelwa_Stendi:

@Tope_Isyesye hii ya ruhusa nimeikubali, natoa kofia.

---

Mbao_Mafinga:

Mimi ni mtu wa mbao nachangia la mbao tu. Japani 1959 mwezi wa tisa kimbunga kilipiga ghuba ya Ise, mji wa Nagoya, zaidi ya elfu tano walikufa na kupotea. Bandarini kulikuwa na magogo mengi sana yamehifadhiwa majini, bahari ilipopanda ikayachukua yale magogo ikaingia nayo mitaani, gogo likigonga nyumba ya mbao usiku halibakishi kitu. Baada ya hapo ndo wakatunga ile sheria yao kubwa ya maafa ya 1961 ambayo mpaka leo ndo msingi wao.

Kwahiyo angalieni vitu vyenu vilivyo kando ya mto vitakavyogeuka silaha. Magogo, mitumbwi ambayo haijafungwa, matenki matupu, mabanda. Huku Mafinga nikiona mtu amepanga magogo juu ya mteremko na chini kuna nyumba za watu huwa nasema hapa siku moja. Sina la ziada nimechoka leo nimepakia semi mbili.

---

Mama_Kokoa:

Wanangu hamjambo. Mimi ni mtu mzima wa hukohuko Kyela, nimehama na maji toka sijaolewa. Nimesoma yote mlioandika mmeongea vizuri ila hakuna hata mmoja aliyeuliza kwanini mtu anakataa kuhama. Mnadhani hajaelewa. Ameelewa sana.

Mwaka mmoja tulihamishiwa shuleni. Vyoo matundu manne watu sijui mia ngapi, wasichana wanasubiri usiku ndo waende. Mbuzi walikatazwa kuingia uwanjani, sasa mbuzi wangu sita nimwachie nani? Mume wangu akabaki nyumbani kulinda mbuzi na mpunga wa darini na ndivyo wanaume wote walivyofanya, kila nyumba mwanaume mmoja amebaki juu ya dari, kwa sababu mwaka uliotangulia waliohama walirudi wakakuta hata sufuria hazipo, zimeibwa na watu tunaowafahamu. Mume wangu alitolewa na mtumbwi siku ya pili ametetemeka mpaka meno. Tangu siku hiyo mtu akiniambia nihame namuuliza kwanza mbuzi wanakwenda wapi.

Huyo binti Nesi atuambie na hao Wafilipino wanaume walibaki?

---

Nesi_Tukuyu:

Shikamoo mama. Walibaki, hivyohivyo. Wake na watoto walipelekwa kwenye makimbilio, wanaume wengine wakabaki kulinda nyumba. Na ubaya ni kwamba hata baadhi ya hayo makimbilio, mashule na makumbi, maji yaliyafuata maana walichagua jengo imara dhidi ya upepo, hawakupima kimo cha maji. Kwahiyo hata shule yenu hiyo ya kuhamia mama, iko juu ya alama ya maji au ni kwa sababu ina bati na sakafu?

Ila walijifunza. Mwaka mmoja tu baadaye, Desemba 2014, kikaja kingine kinaitwa Hagupit upande uleule. Safari hii watu zaidi ya milioni moja walihama kabla, na waliokufa hawakufika hata mia. Kilikuwa na nguvu pungufu kuliko Yolanda tusidanganyane, ila na watu walikuwa wamehama kweli. Na kuna kisiwa kidogo kinaitwa Tulang Diyot, hicho hata mwaka 2013 wenyewe walihama wote kama elfu moja siku moja kabla, nyumba zote zikaangushwa mtu hata mmoja hakufa. Walikuwa wamezoea kujadili maafa mtaani kwa mtaani kabla ya hapo, kwahiyo mwenyekiti aliposema twendeni hakukuwa na mjadala.

Kuhusu mbuzi mama umesema kweli tupu. Kwenye mpango muweke eneo la mifugo na muweke vijana wa sungusungu wa kuzungukia nyumba na mtumbwi. Bila hivyo wanaume hawatoki.

---

Mpunga_wa_Kyela:

Shikamoo mama, ndaga sana. Na dada Nesi ndaga, na wote hata wewe Mwanjelwa.

Nimefuta ule mstari wangu nimeanza upya, nimeandika kama ninavyoongea sio lugha ya semina. Kwanza mbuzi, nimeweka namba moja kabisa kwa heshima ya mama, kuna uwanja wa msikiti upo juu nitawaomba wazee, na wavuvi watatu wenye mitumbwi wazungukie nyumba. Funguo za ghala ziwe mbili, moja ikae kwa mwenyekiti juu. Pikipiki yangu Machi mpaka Mei inalala kwa mwalimu mkuu sio kwangu. Ruhusa ya wenyeviti wa vitongoji tusaini wote, hapo najua patawaka moto Jumamosi, mtendaji hatapenda, ila nitamsomea habari ya wale 115 nimuangalie usoni. Alama za maji tunaanza Jumatatu na mzee mmoja anayekumbuka hata ya miaka ya sitini, anasema maji yalifika dirisha la zahanati wakati huo zahanati haipo, tutaona.

Kilichobaki ni hii ya masaa ya bure. Mimi Rungwe sina mtu. Kuna namba ya ofisi nimepewa semina nimepiga mara nne haipokelewi, na mvua yenyewe hunyesha usiku, ofisini nani atapokea saa nane usiku? Nataka mtu wa kawaida tu anayekaa karibu na mto Kiwira huko juu, anayeuona kwa macho, akiona umebadilika rangi na unaleta miti anibip mimi nipige. Bando nitamnunulia.

---

Mwanjelwa_Stendi:

Shemeji yangu anauza ndizi Kiwira sokoni, usiku halali anapakia Fuso za Dar, na wanapooshea mikungu ni mtoni hapohapo. Ana simu mbili. Nimemuuliza sasa hivi anasema bando hataki, anataka mchele wa Kyela kilo kumi kila mwaka. Njoo inbox nikupe namba.